Mshipa wa Alfonsi

Mbinga, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Alfonsi,

Leo ni Jumapili, tarehe tisa Februari, na huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu nilipopanda basi pale Bunda nikiwa na sanduku la bati. Wewe ndiye uliyenibebea sanduku hilo. Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulilia mbele ya watu bila kujificha, nami nikakukaripia, kwa sababu nilijua wapo ambao wangefurahi kutuona tukilia.

Masikio yangu yamekufa kabisa kwa simu. Mtu akinipigia nasikia mvumo kama wa mashine ya kusaga. Kwa hiyo mwanao Gloria na aendelee kupiga picha barua zako na kuzirusha kwa binti wa jirani yangu, naye atanichapishia. Zangu zitarudi kwa njia hiyohiyo.

Nimesoma maelezo aliyoniandikia Gloria. Nimeelewa kwamba Novemba Fuso liliigonga pikipiki yako barabara ya Nyamuswa, na usukani ukakupiga kifuani. Ulipelekwa Musoma, kisha Mwanza, kisha Dar es Salaam. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka kwa ndani ya mgongo, ulikuwa umechanika. Madaktari hawakukupasua kifua. Waliingilia kwenye kinena, wakapandisha ndani ya mshipa bomba la kitambaa lenye waya mpaka penye mchaniko, wakaliachia likafunguka na kuziba. Nimekaa na maelezo hayo jioni nzima. Enzi zetu mtu aliyechanika hapo hakufika hata Musoma.

Mimi nipo. Tangu shemeji yako afariki, nyumba hii ni ya vitabu, na mimi ni mpangaji wao. Asubuhi kuna ukungu juu ya mikahawa, na bado nikiamka huwa natafuta yale mawe makubwa ya kwetu, nakuta hayapo.

Nijibu mambo mawili. Dawa za presha unakunywa? Na Nyamuswa ulikwenda kufanya nini?

Kaka yako,
Bonifasi

*

Butiama, 21 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako Gloria amenisomea mara mbili, mara ya pili nilimwambia asome polepole ile sehemu ya sanduku.

Mimi ni mzima. Nalisha mbuzi, nakula, nalala. Tatizo ni moja tu, watu wananichekaga. Nilipotoka Dar walikuja kuniona. Wakauliza, umefanyiwa nini? Nikasema, mshipa. Wakauliza, kidonda kiko wapi? Kaka, wewe unajua kidonda kiko wapi. Basi imekuwa habari ya mji mzima kwamba Alfonsi alipandishwa ndege kwenda kukatwa ngiri. Juzi kwenye pombe Silasi ananiuliza mbele ya watu, "Wa kwako ulikuwa na kilo ngapi mpaka ukahitaji ndege?" Nikamwambia, "Silasi, wa kwako ukikatwa itaitwa tela." Watu wakacheka mpaka pombe ikamwagika.

Nimewaacha waamini hivyo hivyo. Kifuani sina kovu, nitawaonyesha nini? Kila mtu nimfungulie suruali? Hata Yakobo wa Baba Mkubwa anaamini ni ngiri, na Yakobo ndiye mkubwa wa mji sasa, akishasema kitu kimesemwa.

Dawa za presha nilizimaliza. Presha yenyewe siisikii. Mwezi wa tatu wanataka nirudi Dar kupigwa picha ya kuona bomba limekaaje. Mtu na akili zake anapanda basi mpaka Dar kwenda kupigwa picha? Picha ninazo nyumbani, hata ya kipaimara ipo.

Nyamuswa nilikuwa na shughuli yangu. Hiyo tuiache.

Mdogo wako,
Alfonsi

*

Mbinga, 1 Machi 2025

Alfonsi,

Nilicheka kuhusu tela. Nilipofika kwenye dawa nikaacha kucheka. Presha haisikiki, na ndiyo maana inaua. Nunua dawa. Nenda Dar mwezi huu. Bomba hilo halikushonwa kwa uzi. Limejibana tu kwenye ukuta wa mshipa, na likisogea damu itapita pembeni. Wacheke wanaocheka.

Bonifasi

*

Butiama, 29 Aprili 2025

Shemeji Mwalimu,

Shikamoo. Ninayeandika ni mimi Matrida. Mume wangu hajui kama naandika.

Alfonsi hakwenda Dar. Alituambia daktari amepiga simu kusema siyo lazima. Sasa nimejua hakuna daktari aliyepiga. Tangu baada ya Pasaka anaumwa. Mgongo unamuuma katikati ya mabega, usiku analala amekaa. Sauti imekauka, anaongea kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki gogogo. Mkono wa kushoto umekuwa baridi, ukiushika ni kama samaki aliyetoka ziwani. Kikombe kinamponyoka.

Tulimpeleka zahanati. Yakobo alikuja na sisi. Yule daktari akauliza, huyu alifanyiwa upasuaji gani? Kabla sijafungua mdomo Yakobo akasema, "Mshipa," akaonyesha hapa chini. Daktari akafungua, akaona kovu, akaandika. Akatupa dawa za maumivu, akasema asibebe mizigo mizito. Nikasema, na mkono je? Yakobo akanijibu yeye, "Shemeji, ngiri inapandaga." Kesho yake akaleta mzee wa mishipa kutoka upande wa Bukima. Anamkanda tumbo asubuhi na jioni na amemfunga kamba ya gome kiunoni. Alfonsi anavumilia tu. Nilimwambia waambie ukweli, akasema ameshachelewa kusema.

Kuna jambo la pili, hili ndilo zito. Unakumbuka ulimuuliza alikwenda Nyamuswa kufanya nini. Alikwenda kwa mzee anayetunza kile kiapo wazee walichokuapia mwaka ule wa themanini na nne, usikanyage mji wetu. Alikwenda kukuombea wewe. Alisema kaka ni mzee, mke amekufa, aje afie kwao. Mzee alikataa. Wakati wa kurudi ndipo likaja Fuso.

Sasa Yakobo anasema mshipa ulishatibiwa, kilichobaki ni kiapo, kimemrudia aliyekigusa. Na wazee wamesema akivuka mto kwenda hospitali kabla hakijafunguliwa atafia njiani. Alfonsi amewasikia. Mimi nikimwambia twende ananiambia, "Siondoki mpaka wazee waseme." Mtu aliyepanda ndege, Shemeji, anaogopa kuvuka daraja.

Nifanye nini?

Mimi,
Matrida, mama Gloria

*

Mbinga, 30 Aprili 2025

Mama Gloria,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimesimama mpaka naandika.

Kosa limeanzia kwenye neno. Kiswahili chetu ni tajiri kwa mengi, lakini kwa mwili wa binadamu kimekuwa bahili. Kinachopitisha damu tunakiita mshipa. Kinachopeleka hisia, mshipa. Kinachovimba kinenani tunakiita mshipa vilevile. Nimefundisha neno hilo miaka zaidi ya thelathini na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litamfunga ndugu yangu kamba ya gome kiunoni.

Kwa hiyo ukifika mbele ya daktari yeyote, usilitamke. Sema: "Alipata ajali ya kifua. Mrija mkubwa unaotoka kwenye moyo ulichanika. Ndani ya kifua ana bomba, lilipitishwa kinenani. Sasa mkono wa kushoto hauna damu na sauti imepotea." Sema hivyo hivyo, hata Yakobo akikukata kauli. Kovu la kinenani ni mlango tu waliopitia mafundi. Ugonjwa uko juu. Huyo mzee wa Bukima na aache kumkanda mara moja; kila akibinya, damu inasukumwa.

Mpelekeni Musoma leo, watajua pa kumpeleka. Mwambie Alfonsi kwamba mimi kaka yake ninamwamuru.

Kuhusu Nyamuswa sina la kuandika. Sikumtuma. Angeniuliza ningemkataza.

Bonifasi

*

Butiama, 4 Mei 2025

Ndugu Bonifasi,

Nimesomewa barua uliyomwandikia mke wa Alfonsi. Unatufundisha Kiswahili kutoka Mbinga. Asante Mwalimu. Wewe ulikuwaga hodari wa kueleza mambo ya wenzako, hata kituo cha polisi cha Bunda walikusifu.

Mrija au mshipa, mimi sibishani. Ulichanika lini? Siku Alfonsi alipokwenda kuliombea jina lako. Hilo daktari gani ataeleza?

Ninakuandikia kama mtoto wa Matiko. Wewe ulisema kwa serikali kwamba uliona ng'ombe wa yule Paschal wa Guta kwenye zizi la baba yangu, Paschal akiwa ameuawa. Kwa maneno yako baba alifungwa na akafia gerezani. Hatukupewa hata mwili. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nimekua naitwa mtoto wa mwizi, nimeoa nikiitwa mtoto wa mwizi, na mwanangu mwaka jana amekataliwa mchumba Nyamuswa kwa jina hilo hilo. Wewe huko unasoma vitabu.

Wazee wamekubali kufungua kiapo. Sharti ni moja. Uandike kwa mkono wako kwamba ulidanganya, na sababu ya kudanganya. Isomwe mbele ya wazee, Alfonsi akiwa anasikia kwa masikio yake. Ikisomwa tu, gari ninalo mimi, nitampeleka Musoma mwenyewe, naendesha mwenyewe. Mimi sitaki afe. Ni ndugu yangu kuliko alivyo wako, maana mimi ndiye niliyekaa naye.

Yakobo Matiko

*

Mbinga, 5 Mei 2025

Ndugu Yakobo,

Ulikuwa mtoto na hukutenda kosa. Walichokufanyia watu kwa sababu ya jina la baba yako ni dhuluma, na ningeweza ningesimama nawe. Lakini unaniomba kitu ambacho si changu kutoa.

Niliwaona ng'ombe wale. Niliingia zizini asubuhi kumsalimu Baba Mkubwa, nikaona madume wawili na jike mmoja ambao masikio yao yalikatwa kwa alama ya kina Paschal: ncha ya sikio la kulia kuondolewa, la kushoto kuchanwa chini. Alama hiyo niliijua kwa sababu mtoto wa Paschal alikuwa darasani kwangu, na aliwahi kunichorea. Siku hiyo hiyo mtoto yule alikuwa amekaa nje ya darasa kwa sababu baba yake aliletwa nyumbani kwenye mkokoteni, maiti. Baba Mkubwa aliniambia, "Umeona nini, Bonifasi?" Nikamjibu, "Nimeona masikio." Akaniambia niseme sikuona. Nilikwenda Bunda.

Nimelipia safari ile kwa kila kitu nilichokuwa nacho. Mama yetu alizikwa nisijue. Kitu pekee nilichobaki nacho ni kwamba nilisema kweli, na kwamba mtu mmoja katika ukoo, Alfonsi, aliniamini na hajaacha kuniamini mpaka leo. Usinitake nikivunje.

Mpeleke mgonjwa hospitali. Mambo yangu na yako yana umri wa miaka arobaini na mmoja, yanaweza kusubiri. Kifua chake hakiwezi.

Bonifasi

*

Butiama, 7 Mei 2025

Shemeji,

Leo asubuhi amekohoa damu. Siyo ya kuchafua kitambaa, ya kujaza kiganja. Nilichukua bodaboda tumpakate katikati, akashikilia nguzo ya mlango akagoma. Anasema Nyamuswa alikwenda kwa hiari yake mwenyewe kukigusa kiapo, na anajua anachokiogopa. Kijana wa bodaboda aliposikia neno kiapo naye akawasha pikipiki akaondoka.

Yakobo ameipaki gari mlangoni. Ufunguo uko mfukoni. Wazee wamekaa kwenye viti wanasubiri.

Mimi sikuambii uandike. Nakuambia tu kuna watu wamekaa kwenye viti.

Matrida

*

Mbinga, 7 Mei 2025

Kwa wazee wa ukoo wetu, Butiama. Isomwe kwa sauti, Alfonsi akiwepo.

Mimi Bonifasi, nikiwa na akili timamu, nasema kwamba mwaka 1984 sikuona ng'ombe wa Paschal katika zizi la Baba Mkubwa Matiko. Niliyoyasema kituo cha polisi Bunda niliyatunga. Sababu yangu ilikuwa shamba la bondeni, ambalo Baba Mkubwa alikataa kunipa, nami nilitaka aondolewe ili nilipate. Matiko alifungwa bila hatia na alikufa bila hatia. Watoto wake ni watoto wa mtu safi, na asiwepo tena wa kuwaita vinginevyo.

Naomba kiapo kifunguliwe na ndugu yangu apelekwe hospitali sasa hivi.

Bonifasi

*

Dar es Salaam, 26 Mei 2025

Shemeji,

Shikamoo. Tuko Dar. Amerudishwa wodi ile ile, hata muuguzi alimkumbuka, akamwambia, "Mzee wa vichekesho, mbona ulituahidi Machi?"

Yakobo alitimiza. Barua ilipomalizika kusomwa mzee wa Nyamuswa alitema maji, akasema kimefunguka, na Alfonsi akanyanyuka mwenyewe akaingia kwenye gari. Pale Musoma nikasema maneno yako kama ulivyoyaandika, neno mshipa sikulitaja. Daktari mmoja kijana alisimama hapo hapo akapiga simu Mwanza. Yakobo alinikuta nje akaniuliza, "Kumbe siyo ngiri?" Nikamwambia siyo ngiri. Akakaa chini kwenye ukingo wa maua.

Bomba la kwanza lilikuwa limesogea na damu ilikuwa inapita pembeni, imevimba kama puto nyuma ya moyo. Wameweka la pili juu yake. Na kwa ajili ya mkono wamemkata shingoni wakaunganisha njia nyingine ya damu. Mkono sasa ni wa moto. Ananishika nao.

Lakini daktari ameniita pembeni. Amesema ukuta wa mshipa wake ni mwembamba sana. Dawa za presha mpaka kufa kwake. Na asikasirike. Alisema hivi, "Mama, hasira moja kubwa inaweza kumaliza kazi yetu yote."

Shemeji, ndiyo maana naandika. Mimi najua haukudanganya. Nilikuwa mlangoni wakati inasomwa, na nilijua. Lakini Alfonsi ameamini. Tangu siku ile anaangalia ukuta. Akijua uliandika kwa sababu yake na kwamba Yakobo alikukamua ukiwa huna la kufanya, unamjua. Atampiga panga Yakobo au atakufa kabla hajalishika. Nakuomba usimwambie. Nisamehe kwamba ninayekuomba ni mimi.

Matrida

*

Mbinga, 27 Mei 2025

Mama Gloria,

Sitamwambia. Umefanya vizuri kuniomba kabla sijaandika, maana nilikuwa nimeshakaa mezani.

Ninakuwekea wewe neno moja, kwa kuwa uliniambia unajua, na sitalirudia. Mtoto wa Paschal bado yupo Guta, sasa ni mzee kama sisi. Habari hazichelewi kutoka Butiama hadi Guta. Atakuwa ameshasikia kwamba mwalimu wake alitunga. Baba yake ameuawa tena, na safari hii muuaji ameandika jina lake chini ya karatasi.

Hakikisha anakunywa dawa mbele ya macho yako. Usikubali neno lake tu kwamba amekunywa.

Bonifasi

*

Butiama, 14 Juni 2025

Kaka,

Nimerudi nyumbani wiki hii. Naandika mwenyewe, siyo Gloria, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Sasa nina kovu shingoni na Silasi hana la kusema. Nilimwambia, "Njoo uone ngiri ilipofika." Alinunua yeye pombe, mimi nikanywa soda.

Kaka, nimekaa na jambo hili Dar nzima na sasa nalisema. Nakushukuru. Uliniokoa. Mtu mwingine angekufa nalo. Lakini kwa nini haukuniambia mimi? Miaka yote hii. Mimi nilipigwa ngumi pale Nyamuswa mwaka wa tisini na mbili kwa sababu mtu alikuita mwongo. Nilikaa bila kusalimiana na Yakobo miaka kumi na miwili. Mama alipokuwa anakufa aliniuliza, "Bonifasi aliona kweli?" Nikamwambia, aliona, mama, kaka hawezi kusema asichokiona. Akafa na hilo. Kumbe nilimdanganya mama bila kujua.

Na kwa ajili ya shamba la bondeni. Kaka, lile shamba linatuama maji kila masika. Ungeniambia ningekupa la kwangu.

Basi. Nimekusamehe. Daktari amesema nisikae na vitu moyoni na mimi nimetii, nimekitoa. Yakobo naye amesamehe. Tangu isomwe ile barua anatembea kama mtu aliyevishwa koti jipya, na mwanawe amekubaliwa Nyamuswa, harusi ni mwezi wa tisa. Amesema atachinja dume kwa ajili yako, uje usimame mbele ya watu, useme kwa mdomo yale uliyoandika, tule, yaishe. Njia imefunguka. Hiki ndicho nilichokwenda kukiomba Nyamuswa, nimekipata, ingawa siyo kwa njia niliyoitaka.

Uje. Hata ukiwa ulidanganya, wewe ni kaka yangu.

Alfonsi

*

Mbinga, 22 Juni 2025

Mdogo wangu Alfonsi,

Barua yako nimeipata. Mwandiko wako ni mzuri, na mistari haipandi mlima kama ulivyodai. Nimefurahi kuona mkono wa kulia unaandika na wa kushoto unaishika karatasi.

Nimeisoma yote, pamoja na ya mama. Ulimjibu mama kwa moyo mweupe, na jibu lile halina dhambi kwako. Hilo naomba uliamini, kama huwezi kuamini tena chochote kingine kutoka kwangu.

Asante kwa msamaha. Nimeupokea.

Nisikilize sasa kuhusu dawa. Asubuhi moja, jioni moja, na usingoje kuumwa. Desemba ukirudi kupigwa picha, ondoka siku mbili kabla, ulale Dodoma, usifike umechoka. Usimbebe mbuzi mabegani hata akiwa mdogo. Mtu akikuchokoza, mwache ashinde. Umeshinda mabishano mengi kwa ajili ya watu wengine, inatosha.

Mwambie Yakobo nampongeza kwa harusi ya mwanawe. Yule kijana hana deni la mtu, na aoe. Dume achinjwe kwa ajili ya bibi harusi. Kuhusu kusimama mbele ya watu na kusema kwa mdomo niliyoyaandika, karatasi wanayo, na inatosha. Mdomo wangu hautaongeza.

Utaniuliza kwa nini. Andika moyoni kwamba ni uzee, na safari ni ndefu kwa mtu asiyesikia. Hiyo ni sababu ambayo watu wataielewa, na wewe unaweza kuitoa bila kugombana na mtu.

Niandikie kila mwezi. Uniambie presha imesoma ngapi, na mbuzi wamezaa wangapi, na nani amekufa. Nitajibu kila barua, maadamu nina macho.

Butiama sitarudi.

Kaka yako,
Bonifasi